Mtandao wa Wageni

Siku niliyorudi Magongo, mama alinitolea kikombe chenye mstari wa dhahabu.

Vikombe hivyo viko sita. Hukaa ndani ya kabati la kioo, juu ya kitambaa cha kufuma, na hutoka akija mchungaji, au watu wa posa, au mtu wa serikali aliyevaa tai. Alikipangusa kwa ncha ya leso, akakiweka juu ya kisahani chake, akanimiminia chai ya tangawizi na kunisogezea mahamri yaliyofunikwa kwa kawa. Halafu akaangua kikombe kingine kutoka msumarini, cha bati, cha buluu, kilichobanduka rangi karibu na mkono, akakijaza pomoni na kumpa mpangaji.

Kile kikombe kilikuwa cha baba.

Mpangaji alikipokea bila kukitazama. Alikunywa kwa kelele, amesimama mlangoni, kama baba alivyokuwa akinywa kabla ya kwenda zamu kwenye matangi ya mafuta kule Changamwe, na mama hakuona ajabu yoyote. Mimi nilikuwa nimekalia kiti cha mikono, kisahani kinanicheza juu ya magoti, naogopa hata kupiga chafya.

Nyumba yetu ina vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, na ukumbi katikati. Baba alipofariki, mama alibaki na viwili, akapangisha vinne. Mpangaji huyu alikuja miaka minne iliyopita kutoka bara, akapata kazi katika yadi moja ya malori hapo barabarani, kazi ya kuandika makontena yanayoingia na yanayotoka. Chumba alichopewa ni cha kwanza mkono wa kulia, chenye dirisha linaloangalia njia. Ndimo nilimozaliwa, na ndimo nilimolala mpaka nilipomaliza kidato cha nne.

Baada ya hapo nilipanda lori kama utingo, nikidhani nitafika Malaba na kurudi. Nilirudi, kisha nikaenda tena. Ikawa Kampala, ikawa Juba, ikawa Mwanza. Nimelinda stoo za mahindi, nimeuza viatu vya mitumba, nimekaanga samaki ufuoni mwa ziwa ambalo jina lake mama hawezi kulitamka. Mtu akiniuliza kwa nini sikutulia mahali, sina jibu la maana. Nikiwa mbali nilikuwa naweza kulia kwa ajili ya harufu ya Magongo, ule moshi wa dizeli uliochanganyika na viazi karai vya jioni. Nikifika Magongo, siku ya tano nyayo zinaniwasha. Baba alipozikwa nilikuwa ng'ambo ya mipaka miwili. Nilifika matanga yameshaanuliwa, majirani wanarudisha viti kanisani.

Kwa hiyo nakubali, sikuwa na haki ya kumwonea mtu wivu. Lakini wivu hauombi haki. Unakuja kama upele, unajikuna tu.

Ile jioni ya kwanza mpangaji alinyosha mkono. "Kaka, lete simu nikuwekee waifai."

Alimpigia mama kelele, naye akamjibu kutoka jikoni. Lori lilikuwa linapita, sikusikia walichosema. Mpangaji akasema, "Sawa mathe," akabonyeza bonyeza, akanirudishia simu yangu. Alama ya mawimbi ilikuwa imetokea pembeni. Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni niliuliza, mathe wa nani?

Nikaanza kuchunguza. Asubuhi alifungua kopo la chumvi bila kuuliza liko wapi. Alijua kwamba mlango wa uani lazima uinuliwe kidogo ndipo ufunguke. Saa mbili juu ya alama alimgongea mama mlango: "Mathe, dawa ya presha." Na mama, mwanamke ambaye baba alimbembeleza wiki nzima ili ameze vidonge vya malaria, alimeza mara moja na kufungua kinywa kumwonyesha, kama mtoto kliniki. Kisanduku cha intaneti kilichomwagia nyumba nzima mtandao kilikuwa juu ya kabati la kioo, kando ya picha ya baba, na taa zake za kijani zilimulika shavu la marehemu usiku na mchana. Mpangaji ndiye aliyewaleta mafundi, ndiye aliyewaonyesha nguzo ya kufungia waya.

Kilichoniuma kuliko vyote ni jinsi mama alivyozungumza naye. Alimwita "wewe!" Alimkaripia kwa kuacha ndala njiani. Alimkemea kwa salamu zake za bara: "Niambie mathe, niambie mathe, nikwambie nini? Shikamoo imekutoka wapi?" Naye anacheka, "Shikamoo mathe," na mama, "Marahaba, hujambo mwanangu, kaoshe sufuria." Kwangu sauti yake ilikuwa laini, kama sabuni mpya. "Mwanangu, umeshiba? Mwanangu, kaa kitako, usijisumbue." Nikishika ufagio ananinyang'anya.

Hata hivyo nilikuwa na silaha. Safari hii nilitokea Tanga, na ndani ya simu yangu nilikuwa nimembeba mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada wa pekee wa mama. Aliolewa Tanga, na miguu ilipomshinda waliacha kuonana. Ni miaka kumi na mmoja sasa. Mimi nilipita kwake makusudi, nikakaa siku mbili, nikamrekodi akimsalimia mdogo wake, salamu ndefu yenye machozi na vichekesho. Nilipomwonyesha mama kwenye simu alisogeza kioo karibu na pua, akakisogeza mbali, akafunga jicho moja. "Namsikia," alisema. "Simwoni. Naona kitu cheupe." Macho ya mama yameingia ukungu. Ndipo nikaamua kununua televisheni, ile inayoingia intaneti, pana kama meza ya kulia, ili mama amwone dada yake uso mzima. Mpangaji angeweza kumletea mama mitandao yote ya dunia. Lakini huyo dada yake, mpangaji hangeweza kumletea. Hilo lilikuwa langu.

Jumamosi asubuhi niliishusha kwenye mkokoteni nikaiingiza ukumbini mwenyewe.

"Mwanangu, mngoje mwenzako arudi kazini," mama akasema. "Yeye anavijua."

"Mama, mimi nimefunga springi za trela porini, hakuna hata tochi. Televisheni itanishinda?"

"Sijasema itakushinda. Nimesema mngoje."

Sikungoja. Niliifunga miguu yake, nikaichomeka, ikawaka na kunikaribisha kwa lugha tano. Ikaniuliza ninataka kujiunga na mtandao gani. Ikanipangia majina ya mitandao ya mtaa mzima: Jirani Mwema, Nunua Yako, Usinijaribu. Juu kabisa palikuwa na Nyumbani, na chini yake Nyumbani-Wageni. Nilichagua Nyumbani, kwani mimi niko wapi? Ikataka neno la siri.

"Mama, neno la siri la intaneti ni lipi?"

"Analo yeye."

Analo yeye. Nilikaa chini, rimoti mkononi, nikisukuma kile kimshale kutoka herufi hadi herufi kama anayelisukuma gari bovu mlimani. Niliandika jina la kijiji cha babu kule Rabai. Neno si sahihi. Niliandika jina la kwaya ya mama. Neno si sahihi. Niliandika jina langu la utotoni, lile ambalo mama peke yake hulitumia, na kabla sijabonyeza nilikuwa nimeshajidanganya kwamba ndilo. Ni nani asiyemkumbuka mwanawe aliye mbali? Neno si sahihi. Saa nzima ilipita. Mama alikuwa anachambua mchele, hanitazami, na kutonitazama kwake kulikuwa kubaya kuliko kucheka.

Mpangaji alirudi saa saba. Hakuvua hata fulana yake ya njano ya kazini. "Aisee, hii kitu ni moto! Lete rimoti kaka." Niligeuza uso dirishani asije akadhani naliiba neno lake. Nikasikia tik, tik, tik, kidogo tu, na televisheni ikapiga kengele ya furaha.

"Imeingia," akasema. "Iko Nyumbani."

"Ahsante," nikasema, uso ungali dirishani.

Jumapili baada ya ibada, mama alikuja na jirani. Jirani huyu anakaanga viazi karai nyumba ya pili kutoka kwetu, na ulimi wake unaiva kabla ya viazi. Mama alikuwa amemwalika aje amwone dada yake wa Tanga. Alikuwa amejifunga leso mpya, amekaa mbele ya televisheni, mikono mapajani, kama anayesubiri kupigwa picha. Mpangaji alikuwa uani akifua. Niliona vizuri kwamba yuko uani. Nilisubiri awe uani.

Nilifungua simu, nikaipata salamu ya mama mkubwa, nikabonyeza kile kialama cha kurusha picha kwenye televisheni. Simu ikatafuta. Kiduara kikazunguka. Hakuna kifaa kilichopatikana.

Televisheni iko hatua tatu mbele yangu, inang'aa, na simu inaniambia haioni kitu.

Nikabonyeza tena. Nikazima simu, nikaiwasha. Nikazima televisheni, nikaiwasha. Nikaisogelea mpaka simu ikakaribia kuligusa kioo.

"Huyo dada kasimama mlangoni?" jirani akauliza. "Aambiwe karibu! Karibu dada, mlango uko wazi, ingia na viatu!"

"Atakuja," mama akasema.

"Atakuja lini? Tanga hapa na hapa. Angepanda basi jana angekuwa ameshafika, ameshakula, anaosha sahani."

Jasho lilinitoka. Na nitasema niliyoyawaza, ingawa hayanipendezi: niliwaza kwamba mpangaji ameifunga televisheni makusudi. Alipobonyeza tik tik zake ameweka kitu ndani, kama mtu anavyozika hirizi kizingitini, ili simu yangu isionekane na yake ionekane. Nilikuwa na hakika kabisa. Kama angeingia wakati ule ningemshika ukosi.

Mama hakuniuliza. Alipaza sauti kuelekea uani: "Weweee! Hebu njoo hapa!"

Aliingia, mikono ina povu hadi viwikoni. "Nini mbaya, mathe?"

"Dada yangu amekwama."

Alichungulia simu yangu bila kuigusa, akajipangusa kwa suruali. "Hakuna shida. Kaka, nitumie hiyo video kwangu, mimi niirushe. Yangu inaona televisheni."

Yake inaona. Nilimtazama mama, uso wake umenyooka kumwelekea mpangaji kwa matumaini, na nikaona jinsi itakavyokuwa. Mama mkubwa atatokea mle ndani kupitia mkono wa huyu mtu. Kikombe cha baba, chumba changu, vidonge, neno la siri, na sasa hata dada wa mama, ambaye mimi nilisafiri kumfuata, naye atapita kwake kwanza ndipo atufikie sisi.

"Haitumwi," nikasema.

"Kwa nini haitumwi?" mama akauliza.

"Ni kubwa."

"Kubwa kushinda televisheni?" jirani akauliza.

Mpangaji alikunja uso, akainamia simu yangu tena. "Ngoja, ngoja. Aaa! Kaka, si uko kwa Wageni."

"Niko wapi?"

"Mtandao wa Wageni. Televisheni iko kwa Nyumbani, simu yako iko kwa Wageni. Mtu wa Wageni anapata intaneti, lakini vitu vya ndani ya nyumba havioni. Televisheni haioni, simu za watu haioni. Imetengenezwa hivyo, ni usalama."

Sikumbuki kusimama, lakini nilikuwa nimesimama. "Wewe umeniweka mimi kwa wageni? Mimi? Unajua unalala wapi? Ile alama ya moto kwenye ukuta wa chumba chako, ni mimi niliyeangusha koroboi nikiwa darasa la tatu. Ile misumari mitatu nyuma ya mlango niliigongelea mimi. Halafu unaniweka kwa wageni, na wewe ukae nyumbani?"

Alirudi nyuma nusu hatua. Alimtazama mama.

"Mimi ndiye niliyemwambia," mama akasema.

Jirani alifunga mdomo, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Siku ile umefika. Alinipigia kelele huku, mathe nimweke wapi, nikamwambia mweke kwenye ile ya wageni." Alisema kwa utulivu kabisa, kama anayeeleza alikoweka ndoo. "Nikuweke wapi? Sahani nzuri za nani? Shuka uliyolalia, ile ya maua, umewahi kuiona kitandani kwangu? Vya wageni ndivyo vizuri. Nilijua na intaneti ni hivyo hivyo. Ya kwetu ni ya kila siku, imeshachakaa, na ya wageni itakuwa imewekwa kando, haijaguswa."

Kisha akageuka. Jambo lilikuwa limemwingia.

"Hebu kwanza," akamwambia mpangaji. "Umesema ya wageni haioni vya ndani?"

"Ndiyo mathe."

"Na mwendo? Ina mwendo kama yetu?"

Mpangaji alikuna kichwa kwa povu. "Ile ya wageni nimeibana kidogo. Si unajua, mtaa mzima ukiingia..."

"Umeibana! Mchungaji alikaa hapa mwezi uliopita anatafuta mahubiri saa nzima, mimi namwongezea chai, kumbe umembana?"

"Mathe, ni kawaida, kila mahali..."

"Kila mahali wapi? Kwenu mgeni anapewa makombo? Akija mtu kwenu mnamkalisha nje, mnampitishia maji dirishani? Miaka minne umekaa katika nyumba hii, umeona nimempa mgeni sahani yenye ufa? Sema, umeona?"

"Sijaona, mathe."

"Nami nimejisifu kanisani! Nimewaambia kina mama, njooni kwangu, nina ya wageni mbali. Ondoka hapo mbele yangu na mapovu yako. La, simama hapo hapo!"

Ningepaswa kufurahi. Siku nne nilikuwa nangoja kumwona mtu huyu amekosea, na sasa alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kichwa chini, povu linadondoka sakafuni, jirani anamla kwa macho. Furaha ilikuja, ikakaa kama dakika moja. Kisha nikayatazama masikio yake. Yalikuwa madogo, kama ya mtoto. Alikuwa anagombezwa na mama kama ninavyokumbuka mimi kugombezwa na mama, kwa mambo matatu kwa pamoja na amri mbili zinazopingana. Hakuogopa kufukuzwa. Alijua kwamba ikiisha ataambiwa kaoshe sufuria.

Mimi mama hakuwa amenigombeza tangu nywele zangu zilipoanza kuota mvi. Nilikosa mazishi ya baba, na nilipofika hakusema neno. Alitoa kikombe cha dhahabu. Miaka yote ile nilidhani ni msamaha.

"Mama," nikasema, "mimi mbona hunigombezi?"

Aligeuka taratibu. "Nini?"

"Kikombe cha baba umempa yeye. Chumba umempa. Hata kelele umempa yeye. Mimi unaniwekea kisahani. Mimi nimekuwa mchungaji?"

Nilijua ninavyosikika. Mwanamume wa miaka arobaini na ushei, analilia kikombe cha bati mbele ya mkaanga viazi. Lakini lilikuwa limeshatoka.

"Wewe ulitaka nini?" Sauti yake laini ilikuwa imekwisha, ile ya zamani, yenye makwaruzo, ilikuwa imerudi. "Kikombe kinaning'inia msumarini. Kuna aliyekufunga mkono? Yeye alipofika hakuuliza, alikiona, akakiosha, akanywea. Kisha akachota maji. Miaka minne anachota maji! Cha bati ni cha anayechota maji. Wewe nikupe mtungi, uubebe, ukitua mara moja tu utanitazama na yale macho yako ya barabarani, na kesho sikuoni. Si ndivyo ulivyofanya mwaka ule paa lilipovuja? Nilikwambia shika nyundo, ukashika basi. Nikasema basi, huyu nisimtume. Nimpe kikombe kizuri, labda atakaa wiki."

Jirani aliinua mkono kama aliye darasani. "Mgeni siku mbili..."

"Wewe nyamaza. Najua siku ya tatu anapewa jembe. Leo ni ya nne na jembe nimelificha mwenyewe." Akanirudia mimi. "Matanga ya babako tulikaa siku nane. Siku nane kila lori likipiga breki natoka barazani. Halafu unaniuliza kwa nini sikugombezi. Ningeanzia wapi?"

Hapo niliketi. Si katika kiti cha mikono. Niliketi juu ya boksi la televisheni, likabonyea. Nilikuwa nimegombezwa. Iliuma kwelikweli, na sikutaka iishe.

Kisha mama akamwambia mpangaji, "Mtoe huko kwa wageni. Mpe neno."

Mpangaji aliinama karibu yangu. "Ni zile namba za juu ya mlango, kaka. Mlango wa mbele. Mathe alichagua."

Namba za kiwanja. Baba alizichora mwenyewe juu ya kizingiti kwa rangi nyeusi iliyobaki kazini, mimi nikimshikia ngazi. Nilikuwa nimepita chini yake siku nne. Nilikuwa nimejaribu kijiji, kwaya na jina langu, na sikuwa nimeinua kichwa. Niliziandika mwenyewe, mpangaji akiwa ameyageuza macho yake dirishani, kama nilivyofanya mimi jana.

Safari hii simu ilipotafuta, ilipata. Mama mkubwa akatokea, mkubwa kuliko alivyo, mikunjo yote, jino lake moja la mbele.

"Yuu!" mama akasema, akashika shavu. "Yuu, amekonda. Amekuwa kama mama yetu."

Mama mkubwa alisalimia. Alimsalimia mdogo wake, majirani ambao baadhi yao wameshakufa, na mwembe uliokwisha katwa. Mama alimjibu kila salamu, kana kwamba anasikika Tanga. Jirani alilia wazi wazi. Mpangaji alisimama mlangoni, na nilimwona akijipangusa jicho kwa bega, na hata hapo wivu ulinichoma, nikamwambia kimoyomoyo: niachie basi hata mama mkubwa, huyu si wako.

Ilipofika katikati mama akainua kidole. "Simamisha. Hapo."

Nikasimamisha.

"Hapo mezani, mbele yake. Ni nini kile?"

Nilitazama. Kwenye kioo kidogo cha simu sikuwahi kukiona. Mezani kwa mama mkubwa, juu ya kitambaa, palikuwa na kikombe cha kaure kwenye kisahani chake, chenye maua ya waridi, na kando yake bilauri ya plastiki ya mama mkubwa mwenyewe.

"Hicho ulinywea wewe?" mama akauliza.

"Ndiyo."

Alicheka, cheko fupi, bila furaha nyingi. "Hata dada yangu. Hata yeye amekutolea vya kabatini."

Nikakumbuka vikombe vyote. Mwanza palikuwa na bilauri yenye picha ya twiga iliyotolewa kwa ajili yangu. Kampala walinikopea kijiko kwa jirani. Nilikuwa nimezunguka dunia nzima nikinywea vya kabatini, na nikidhani kwamba watu wananipenda. Walinipenda. Hakuna hata mmoja aliyenituma maji.

"Endelea," mama akasema, nikabonyeza, mama mkubwa akaendelea. Alipomaliza, mama alitaka aanze tena. Tulimwona mara tatu. Kisha mama alisimama, akafungua leso na kuifunga upya, akasema bila kunitazama, "Mfereji unafunguliwa kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mitungi iko uani. Ukitaka."

Niliamka kabla ya saa hiyo. Mpangaji alikuwa ameshafika. Mitungi kumi na miwili ilikuwa imepangwa, na alijua upi ni wa kunywa, upi wa kupikia, upi unavuja ukijazwa zaidi ya shingo. Nilimwonea wivu hata kwa hilo. Hatukuzungumza sana. Alishika mkono mmoja wa mtungi, nikashika kamba, tukabeba.

"Weweee!" mama akapiga kelele kutoka jikoni, na sote wawili tukageuka. Alikuwa ananielekezea mimi kijiko. "Nani kakwambia uutie mtungi wa kunywa maji ya kwanza ya mfereji? Huoni yana kutu? Umezaliwa wapi wewe? Mwaga, uanze upya!"

Nilimwaga, nikaanza upya.

Chai ilipoiva, mpangaji aliangua kikombe cha bati msumarini, akakitazama kidogo, akaninyoshea. "Chukua, kaka. Ni cha mzee wako."

Mkono wangu ulikuwa umeshatoka.

"Mwache anywe," mama akasema. "Yeye anachelewa kazini. Wewe huendi popote."

Alinimiminia chai katika kikombe cha plastiki kisicho na mkono, kile cha kuchotea maji mtungini, bila kisahani, bila kukipangusa. Kilikuwa na harufu ya mtungi. Niliketi kizingitini, chini ya namba za baba, malori yanapita kuelekea barabara kuu, vumbi linaingia chaini, na nyayo zangu zinawasha, maana ilikuwa siku ya tano. Sikunyanyuka. Nilikunywa, na jicho langu lilikuwa kwenye kile cha bati, kila alipokiinua na kila alipokishusha, nikingoja akimalize nikakioshe.